Maana Niliyomficha Jirani

Jirani yangu alipokuja kuniomba nimfundishe Kiingereza, jambo la kwanza nililofanya ni kwenda kuficha karatasi yangu chini ya godoro.

Shamba la michikichi ninaloishi, kwenye njia ya kutoka Rumonge kwenda Kigwena, lilikuwa la baba yangu kabla hajakimbilia Tanzania. Mimi nilizaliwa huko, nikasoma huko. Tuliporudi tulimkuta mzee huyu, jirani yangu wa sasa, ndani. Hakulivamia, alilikuta tupu, akalilima, akalea mtoto humo, akamzika mkewe humo. Wapatanishi wakavuta kamba katikati, nusu yake, nusu yetu, na mpaka ukawa mstari wa mawe yaliyopakwa chokaa. Baba alifariki mwaka uliofuata. Tangu hapo, kila asubuhi kabla ya kwenda kufundisha, nilikuwa nahesabu hatua kutoka mlangoni hadi kwenye mawe. Arobaini na mbili. Hatua zikitoka arobaini na moja narudia, na zikitoka hivyo tena nashinda na hasira darasani, nawaonea watoto wa watu.

Sasa mtu huyo, Mwislamu wa Rumonge aliyeishi umri wake wote kwa Kiswahili, Kirundi na Kifaransa kidogo cha sokoni, anataka Kiingereza cha nini na mvi zote zile? Nilijijibu mwenyewe. Karatasi yetu ya ukimbizi, tuliyopewa Tanzania, imeandikwa kwa Kiingereza, na ndani yake kuna kitenzi kimoja, settle, kinachosema kwamba familia yetu ilipewa mahali pa kukaa huko moja kwa moja. Akikijua tu, nilijiambia, atakwenda nacho mahakamani: hawa walishapata kwao, hapa wanatafuta nini? Na nusu yangu itakwenda.

Nilimkubalia kwa sababu kumkatalia kungemwonyesha kwamba naogopa. Akawa anakuja Alhamisi alasiri, na kofia yake safi na daftari la jalada la bluu. Siku ya kwanza, salamu zilipoisha tu, akauliza, "Madamu, settle, ni kusema nini?"

Katika maneno yote ya Kiingereza, kachagua hilo.

Asiyejua maana haambiwi maana, na siku ile niliifanya methali hiyo ruhusa yangu. Nilimwambia settle ni kutuama. Yeye hukamua mawese, kwa hiyo nikamtolea mfano wa pipa: ukishachemsha ukaliacha, mafuta yanapanda juu, uchafu unashuka chini taratibu. Huko kushuka ndiko settle. Akaandika, akafikiri kidogo, akauliza kama neno hilo linatumika pia kwa mtu. Nikasema tutafika.

Alhamisi ya pili nikampa ya waashi: nyumba mpya ikititia kwenye udongo laini wa kando ya ziwa mpaka ukuta ukapasuka, nayo ni settle. Kisha ya waganga, dawa inapotuliza tumbo. Kisha ya vumbi baada ya lori kupita, na ya ndege akitua kwenye tawi. Nilimpa hata ya mahakama, watu wawili wanapomaliza kesi kwa kuelewana, na nilipotamka neno kesi nilimtazama machoni. Hakupepesa. Kiswahili kina kutua, kutulia, kutuama, kutitia, kusuluhisha, kila jambo na neno lake; Mwingereza anatumia moja kama sufuria ya mseja, chai humo, maharage humo. Siku zote nilikidharau kitenzi hicho kwa sababu hiyo. Sasa nilikishukuru, maana kilinipa mengi ya kusema kabla ya kufika kwenye lile moja.

Kila mara alirudia swali lake. "Na mutu? Mutu yeye anafanya settle namna gani?" Nikamwambia ni mtu aliyekuwa na hasira, ikamwisha. Akaandika na hiyo.

Kulikuwa pia na jambo la gilasi. Mama alinilea kwamba mgeni hakai na koo kavu, kwa hiyo nilikuwa nakamua marakuja, matunda ya pasheni, najaza gilasi jikoni, naja kuiweka mbele yake. Hakuigusa hata siku moja. Alisema murakoze, asante, akaisogeza pembeni kwa vidole viwili, na alipoondoka ilikuwa bado imejaa. Mwezi mzima. Nikaona ndiyo dalili yenyewe: anayepanga kukunyang'anya hataki kula chako, asije akaona haya. Nilikuwa naimwaga migombani huku nasonya.

Shangazi yangu, dada ya baba, ambaye hakuwahi kukimbia nchi, alinikuta siku moja nikimwaga. Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Unaonjaga mbele?" Sikumwelewa. Akanieleza kwamba huku mgeni hapewi kinywaji kilichomiminwa jikoni. Unaleta chombo mbele yake, unamimina yeye akiona, unakunywa wewe kwanza, ndipo unampa. Usipofanya hivyo umemwambia kwa mdomo wako kwamba humo mna sumu. Na ninyi, akasema, mna mambo ya shamba kati yenu. Angekunywa, mimi shangazi yako ningemwona mjinga.

Niliona haya, nikacheka, kisha haya ikarudi. Nyumba yetu huko Tanzania ilikuwa ya walokole. Pombe tuliiacha, na adabu ya kuonja tukaiacha pamoja nayo. Kwa hiyo mwezi mzima mzee alikuja kuketi katika nyumba aliyodhani ina sumu, akisubiri maana ya neno moja. Hilo lilininyima raha. Mtu anayetaka shamba angemtuma wakili.

Alhamisi iliyofuata nilileta jagi. Nikamimina mbele yake, nikanywa nusu, nikajaza, nikampa. Alinitazama, akaitazama gilasi, akanywa yote. Kisha akatoa simu mfukoni.

Mwanawe wa pekee yuko Kanada, ameoa huko. Mwenyewe haandiki, aliyeandika ni mke, na mke anajua Kiingereza tu. Ilikuwa picha ya mtoto mchanga, na chini yake maneno machache, kwamba wao sasa wamekwisha settle. Kila maana niliyompa, mzee alikuwa amempimia mwanawe: labda tumbo lililokuwa likimsumbua limetulia, labda hasira aliyoondoka nayo imemwisha. Ile ya kesi ndiyo aliyoipenda. "Nilisema mapapye yake imeisha, sasa atarudi," akaniambia, akimaanisha kesi ya karatasi za ukaazi zilizomzuia kusafiri. Alikuwa ameshamsafishia kiwanja cha nyumba, upande wake wa mawe.

Nikamwambia ile niliyoificha: kuhamia mahali, kukaa, kutorudi.

Aliweka kidole juu ya picha ya mtoto. "Siku ya kwanza," akauliza, "ulikuwa unaijua?"

"Ndiyo, mzee."

"Kumbe mimi nilikuwa naogopa gilasi," akasema. "Afadhali ningeogopa daftari."

Nikaanza kumweleza habari ya karatasi, nikijikwaa. Akainua mkono. Alisema karatasi ile anaijua. Siku ya wapatanishi, nilipokuwa shuleni na baba akaenda peke yake, walimsomea yeye mzee yote kwa Kiswahili, neno kwa neno. Hata siku ile hakuwa na la kuipinga. Nilijichukia siku ile, na hata leo nikikumbuka najichukia.

Bado anakuja kila Alhamisi, anataka siku moja azungumze na mjukuu. Mawe yako palepale, hatua arobaini na mbili, ingawa bado nahesabu. Namimina mbele yake, naonja, naye anakunywa hadi tone la mwisho bila wasiwasi. Lakini kila neno ninalompa sasa analiandika kwa penseli. Ijumaa, akitoka msikitini, anapita kwa mwalimu mwingine mjini kuliuliza, na akirudi nyumbani ndipo analipitishia wino.