Baba Alivyopima Shairi la Mtu Aliyemsahau

Baba yangu alikuwa hajatamka neno tangu baridi iingie. Siku aliyofungua kinywa, aliuliza kina kiko wapi.

Sisi ni watu wa Najaf. Baba alifundisha ushairi hapa mpaka wanafunzi wake wakawa walimu. Kisha akili ikaanza kumtoka.

Akanisahau mimi, Rabab, binti yake. Akanidhania muuguzi.

Kumwogesha, mimi. Kumlisha, mimi. Kaka yangu Karrar, yeye ni simu tu kutoka Baghdad.

"Tumpeleke kwenye makao ya wazee. Hakujui tena, unajiua bure!"

"Mwache kwanza, kaka."

"Mpaka uzikwe wewe?"

Nikakata simu. Nilichoka mpaka mifupa.

Enzi zake, kila shairi nililompelekea alinirudishia. "Linachechemea." Basi. Nikaacha kumwonyesha.

Asubuhi ile nilimlisha supu ya dengu, akaitema yote. Nikakaa sakafuni, nikajisemea shairi langu. Hata sikuwa namsomea yeye.

"Mlango haufunguki, mwenye funguo kalala.
Nabisha na hazinduki, usingizi watawala.
Nimechoka, siondoki, nakaa."

"Kina kiko wapi?"

Kijiko kikaniponyoka.

"Rudia," akasema baba.

Nikarudia. Kidole chake kikawa kinagonga goti, silabi kwa silabi.

"Kina cha kati 'ki', cha mwisho 'la'. Mizani nane kwa nane. Safi. Ila mshororo wa tatu umekatika."

"Nitaurekebisha, mwalimu."

"Thubutu! Huyu kachoka, pumzi imemwishia, na mstari umeisha naye. Ukiujazia maneno utakuwa umeongopa."

Akanitazama.

"Nani kakupa? Hili la binti yangu, Rabab. Najua anavyopumua."

Nikashika ukingo wa kitanda. "Kwani... anajua kutunga?"

"Kanizidi. Usimwambie lakini, mama. Atavimba kichwa."

Nikacheka, machozi yananitoka. Akanipa pole, kama unavyompa mtu usiyemjua.

Hakusema tena.

Karrar alipopiga simu, nikamwambia: "Baba haendi popote. Wewe ndiye unakuja. Mwogeshe wewe, mimi nilale."

Akabisha, akanuna, akaja. Nikalala kama gogo.

Baba alitutoka kabla joto halijaanza.

Wewe mzazi unayesoma hapa, mwanao akikuzidi, mwambie wakati ungali unaijua sura yake.