Kisima Nyuma ya Ufuo

Mwezi wa tisa, katikati ya kiangazi, Mzungu mmoja na mkewe walifika Garsen wakitafuta ufuo wa kupumzikia, wao wawili tu. Wakamwuliza Diba Bonaya, mfugaji wa Kiorma, ni upi ulio mzuri. Siku hizo mgeni hakufichwa maji. Leo mtu akiulizwa njia hutazama kwanza viatu vya anayeuliza. Diba akawapeleka karibu na Kipini, penye kisima cha maji matamu alichochimba babake nyuma ya vilima vya mchanga. Ng'ombe wake hawakuwa na kingine upande ule.

Aliporudi na mkewe Gumato na ng'ombe, alikuta hema limesimama na kisima kimezungushiwa miiba. Askari waliyemwajiri Wazungu wale akamzuia.

"Rudi, mzee. Memsabu hapendi harufu ya ng'ombe."

"Kisima ni chetu. Mimi ndiye niliyewaleta hapa."

"Basi umewachagulia vizuri. Wanasema watakuja kila mwaka."

Gumato akacheka kwa uchungu. "Baba Batula, uliulizwa ufuo, ukatoa kisima."

"Mgeni ungempa nini, Mama Batula? Tope?"

Mzungu akatoka, akamtambua Diba, akamjazia kikombe cha maji, akangoja ashukuriwe. Diba alikuwa na kiu ya safari nzima. Akayamimina maji ya babake kiganjani, akamnywesha ndama aliyekuwa karibu. Kikombe akakirudisha, akawageuza ng'ombe kurudi mto Tana, akijua walio dhaifu hawatafika.