Mlima Ulipokuwa Mgongoni

Juzi mvua ilivuja juu ya sanduku langu la makaratasi, na nilipolifungua ikanijia harufu ya karatasi nene iliyolowa, ile iliyogandishwa kitambaa kwa nyuma. Nikakaa kitandani. Mke wangu akauliza kama presha imepanda. Nikamwambia hapana, nimekumbuka ramani. Akacheka sana, maana mimi na ramani wapi na wapi. Nilisoma madarasa manne tu, na katika hayo manne moja nililirudia.

Lakini ramani niliwahi kuishika, ndugu zangu. Nitawaeleza kama ilivyokuwa, umri huu hauna tena wa kumwogopa.

Wakati wa Mwingereza shule yetu ilikuwa juu kidogo ya Makumira. Palikuwa na Mzungu wa msitu, tukimwita Bwana Miti, magoti yake mekundu kama nyanya za yule Mhindi wa Usa River. Nyanya hizo nazo zina kisa chake, tuziache. Bwana Miti akaanzisha mashindano: wanafunzi wawili wawili, kila wawili ramani moja na dira moja yenye umbo la saa, kutoka shuleni hadi kwenye ziwa dogo la Momela, mwendo wa kutwa. Porini alitundika vifuniko vya debe vilivyopakwa chokaa, kila kimoja na namba yake. Unaandika namba, unakwenda kutafuta kingine, njia unachagua mwenyewe. Watakaotangulia kufika watapelekwa shule ya bweni, darasa la tano. Kwetu siku zile darasa la tano lilikuwa kama kwenda Ulaya.

Mwenzangu alikuwa Nderingo, mtoto wa baba yangu mkubwa, aliyenizidi mwaka mmoja na akili mbili. Aliitaka shule ile mpaka akawa anaiota na kuisema usingizini. Aliyetutisha alikuwa mmoja tu, Elisante, mwembamba, mwepesi kama swala. Mwenzake aliamka na homa, basi mwalimu akamruhusu aende peke yake, akatoka mbele yetu.

Sasa sikilizeni kosa letu, maana Mzungu asingelikosea hivyo. Sisi Wameru tulikulia bila kaskazini. Tulikuwa na juu, yaani mlimani, na chini, yaani tambarare. Hata ndani ya nyumba mama alisema, "Sogeza kigoda juu kidogo," na kila mtu alijua ni upande gani. Kwa hiyo ramani tuliigeuza, Mlima Meru ukakaa juu, kama inavyostahili heshima yake. Ule mshale wa dira ukakataa kuuelekea mlima. Nderingo akaigonga dira kwenye goti, mshale ukakataa tena.

"Mbovu hii," akasema. "Saa gani hii, hata saa ngapi haijui!" Akaitia mfukoni.

Mlima ulipoonekana hatukupotea, tukapata vifuniko viwili upesi. Kisha ukungu ukashuka. Tukafika penye njia panda: moja inazunguka bondeni, nyingine inapanda msituni.

"Juu ndiko mlimani, tuufuate," Nderingo akasema. Tukapanda.

Msitu ule ulikuwa kimya vibaya. Hata mbega hawakulia. Ndevu za miti, zile nyuzi za kijivu za matawini, zilining'inia hazitikisiki, na matone yalianguka nyuma yetu kama mtu anayekanyaga, anasimama, anakanyaga. Njia ilikuwa pana, imesagwa vizuri, tukafurahi kwamba watu wanapita, mpaka tukaona kinyesi cha nyati kinafuka moshi. Kifuniko cha tatu hatukukiona. Tukazidi kupanda, tena haraka, mpaka Nderingo aliyetangulia akasimama ghafla na kunirudisha kwa mkono. Ardhi ilikuwa imekwisha. Mbele ya vidole vyake palikuwa na weupe mtupu. Nikatupa jiwe. Sikulisikia likitua.

Hapo ndipo sauti ikaniita jina, kutoka chini, ndani ya weupe ule.

Wazee wetu walisema msituni usimwitikie usiyemwona. Binadamu huita mara tatu. Kinachoita mara moja si mtu, na ukikiitikia sauti yako inabaki huko, unarudi nyumbani bubu. Nilifungua mdomo. Nderingo akaniziba kwa kiganja.

"Usiitike. Imeita mara moja."

Tukangoja. Muda mrefu ukapita. Ikaita tena, na safari hii ilitoka upande wa pili kabisa, kana kwamba imevuka hewani kwa miguu.

Upepo ukapiga, ukungu ukapasuka, nikageuka nikauona Mlima Meru. Ulikuwa mgongoni kwetu. Naapa nilidhani umehama! Nderingo akatoa dira, akaitazama, akatazama mlima, akatazama shimo kubwa la volkeno ya kale lililokuwa likifunguka miguuni petu.

"Tumepanda Ngurdoto," akanong'ona. "Shuka."

Tulipogeuka, sauti ikaita tena, ndogo kuliko ya kwanza. Hiyo ilikuwa ya tatu. Mimi nilihesabu, na Nderingo alikuwa hodari wa hesabu kunishinda.

"Kimbia wewe!" akasema.

Tukaufuata ule mshale, tukakipata kifuniko cha tatu na vilivyobaki, tukafika Momela wa kwanza. Bwana Miti akatupa mkono wa pongezi. Mwalimu akauliza, "Elisante mmemwona?"

"Hatujamwona, Mwalimu," Nderingo akajibu. Na kweli, hatukumwona.

Walimtoa kesho yake kwa kamba, chini ya ukingo wa Ngurdoto, paja limevunjika. Mfupa uliunga vibaya. Nderingo alikwenda bweni, akasoma, akawa mtu mkubwa. Mimi nilimwambia baba naogopa kulala mbali na nyumbani. Hakunisemesha wiki nzima.

Tulipomzika Nderingo, Elisante alikuja akichechemea, akaketi karibu nami. "Siku ile niliwasikia juu yangu, nikawaita," akasema taratibu. "Mbavu ziliniuma, pumzi ilitosha jina moja tu. Naita, kuta za shimo zinanirudishia, napumzika. Lakini ukungu ulikuwa mwingi, mngesikiaje?"

"Ulikuwa mwingi," nikasema. Akanipigapiga goti kunifariji.

Miaka mingi nilijiambia ni kiganja cha Nderingo kilichonizuia. Nimekuja kuelewa uzeeni kwamba kile kiganja kilikuwa chepesi, ningekiondoa kwa kidole. Nami nilikuwa nikiitaka ile shule. Tena lile jina, acha nilitaje. Kanisani nilibatizwa Naftali, nyumbani niliitwa jina la babu. Darasani tu, kwa sababu shati langu lilinuka mafuta ya taa, waliniita Kibatari. Hakuna zimwi wa Ngurdoto aliyesoma na sisi.

Sauti iliita, "Kibatari."