Mkia Hapiti Fimbo

Shangazi yangu hakuwahi kuingia mlangoni kabla ya mtu mwingine. Harusini alikaa viti vya mwisho kabisa. Hata kuvuka barabara alisubiri wote wavuke, wazee, wanafunzi na mbwa wa mtaani, ndipo naye akavuka huku akigeuza shingo kutazama kama kuna aliyebaki. Mumewe alimwacha mapema, na wenye midomo yao wakasema alichoka kumsubiri. Shangazi alipoyasikia alicheka. "Waongo hao. Mimi ndiye niliyemsubiri atoke, nikafunga mlango."

Kazi ndiyo iliyomfanya hivyo, au pengine alizaliwa hivyo kazi ikamkuta. Kampuni yetu ilikuwa inatembeza watu kwenye hifadhi za milimani, kwa makundi, siku kadhaa kwa miguu, usiku wakilala kwenye vibanda vya njiani. Mbele alitangulia kiongozi anayeijua njia. Wa kwetu tulimwita Kichwa, na jina lilimkaa, maana kichwa kilimvimba pia. Nyuma kabisa, nyuma ya mgeni anayejikokota kuliko wote, alitembea mtu ambaye kazi yake ni moja tu, kuhakikisha habaki mtu. Huyo ndiye shangazi, na kazini walimwita Mkia. Wageni wenye adabu walimwita Mama Mkia. Mimi nilikuwa stoo, nagawa mabuti, makoti ya mvua na fimbo za kutembelea, na safari ikiisha napokea vyote vikiwa tope tupu.

Kila kundi lilipokuja ni mimi niliyewaeleza sheria ya fimbo, kwa sababu Kichwa aliona haya kuongea mambo ya choo mbele ya watu. Niliwaambia, "Ukibanwa njiani, usione aibu. Chomeka fimbo yako kando ya njia, ingia kichakani, maliza shida zako. Mama Mkia akiikuta fimbo atasimama hapo hapo mpaka utoke. Mvua inyeshe, jua liwake, Mkia hapiti fimbo." Walicheka kila mara. Kila fimbo nilikuwa nimeifunga utepe wa rangi yake, ili wasije wakagombana.

Na kweli hakupita fimbo. Wakati mmoja alisimama kwenye mvua ya mawe akimsubiri mwanasheria mmoja aliyeharibikiwa tumbo, na aliporudi masikio yake yalikuwa yamechubuka. Akifika kibandani wa mwisho, wenzake wameshavua viatu, husimama mlangoni na kusema, "Nyuma yangu hakuna mtu." Hapo ndipo uji unapogawiwa, si kabla. Kichwa alikuwa akimtania kwamba siku ya kiyama malaika watachelewa kufunga daftari kwa sababu yake.

Katika kundi la mwisho alilolitembeza walikuwemo mzee mmoja fundi saa na mkewe. Fundi saa alikuja stoo amevaa saa mbili, na hakuna hata moja iliyosema kweli. Mkewe alimshikia miwani yake, kofia yake, chupa yake ya maji na dawa zake za presha.

"Mimi, dada, sikuolewa," aliniambia huku akimvalisha mumewe koti. "Niliajiriwa kuokota. Siku ya harusi huyu alisahau pete nyumbani. Tulifungishwa ndoa kwa pete ya dada yangu."

"Nayo ilinibana," akasema mzee, akicheka mwenyewe. Akachagua fimbo yenye utepe wa njano. "Hii hata mimi siwezi kuipoteza."

"Tutaona," mkewe akamjibu.

Niliwapenda. Lazima niseme hivyo, kwa sababu baadaye nilipata hasira ambazo bado hazijaisha, na sitaki mtu afikiri zilikuwa juu yao.

Siku ya tatu ya safari walikuwa wakipita kwenye mgongo wa mlima, njia nyembamba, upande mmoja vichaka na upande wa pili korongo. Mzee alitangulia na wale wepesi wa mbele, maana alikuwa amepata wa kumsimulia habari za saa. Mkewe alikuwa nyuma, hatua chache mbele ya shangazi. Ukungu ukashuka, ukawa mzito hata mtu akawa anaona buti la aliye mbele yake na basi. Walitembea hivyo mpaka kibandani. Shangazi akafika, akasimama mlangoni, akasema maneno yake. "Nyuma yangu hakuna mtu."

Kichwa akahesabu. Akahesabu tena, sasa kwa kuwagusa watu mabega.

"Mzee wa saa yuko wapi?"

"Si alikuwa na nyinyi huko mbele?" mkewe akasema.

Walirudi kumtafuta, wakiita mpaka sauti zikakauka, na giza likawakuta huko. Alfajiri shangazi ndiye aliyemwona, chini kidogo ya njia, kwenye mawe ya korongo. Inaonekana alitoka kichakani akakuta njia tupu, akaamua kukata kona awafikie wenzake, ukungu ukamdanganya. Alikuwa hai bado. Kichwa alikimbia kuita machela, na shangazi akamfunika mzee kwa koti lake, akamlaza kichwa mapajani.

"Niliichomeka, Mama Mkia," mzee akasema. "Wallahi niliichomeka."

"Najua, baba. Nyamaza, usijichoshe."

"Mwambie mke wangu. Mwambie mara hii sikusahau."

Machela ilipofika alikuwa ameshakata roho.

Hayo aliniambia shangazi mwenyewe waliporudi, amekaa stoo juu ya gunia la mabuti, bado na matope hadi magotini. Hakulia. Alikuwa akijisugua macho kwa mgongo wa mkono kana kwamba yana mchanga.

"Nimepita fimbo, mwanangu. Utepe wa njano, nimeupita. Macho haya yalikuwa yanatazama nini?"

"Ukungu, shangazi."

"Ukungu nimeuzoea."

Nilimpa maji akayashika tu. Hapo mlango ukafunguka, akaingia mke wa fundi saa na vifaa mkononi. Watu walikuwa wamemwambia aache, tutavifuata wenyewe, lakini nadhani alitaka mikono yake iwe na kazi. Akaweka mabuti, akaweka makoti, kisha akaegemeza fimbo mbili kwenye meza yangu, moja ya utepe wa kijani na moja ya njano.

"Hii yangu," alisema. "Na hii yake. Niliikuta kando ya njia, imeinamia kichaka, nikasema huyu naye kasahau tena. Nikamchukulia nimpelekee mbele."

Kuna wageni wengi wanaotembea na fimbo mbili. Mama wa watu katika ukungu, ameshika fimbo huku na huku, nani angemshangaa? Nilimwangalia shangazi. Alikuwa anaitazama ile ya njano, na niliona jambo likimwingia taratibu mpaka likafika. Nilifungua mdomo. Shangazi akanikanyaga mguu kwa buti lake lenye matope, kwa nguvu zake zote.

"Asante, mama," alimwambia yule mjane. "Tutazisafisha."

Alipotoka tu nililipuka. "Si wewe! Umesikia mwenyewe, si wewe! Twende kwa meneja sasa hivi."

"Tukamwambie nini?"

"Ukweli!"

"Na yule mama akishausikia ukweli, atalala vipi? Utakwenda kumbembeleza wewe?"

"Shangazi, watakufukuza."

"Funika kombe mwanaharamu apite," akasema, akainuka kwa kushika meza, magoti yakilia.

Kwa meneja nilimfuata, hakuna aliyenialika na hakuna aliyenifukuza. Meneja wetu alikuwa mtu wa meza safi. Hakuwa mkatili, nimsingizie nini, ila alikuwa mwoga, na mwoga akishika cheo ana hatari yake. Alimkaribisha shangazi kiti na kumwonyesha njia ya kujinasua kabla hata hajamuuliza lolote.

"Mama Mkia, umefanya kazi hapa tangu mimi sijaja. Kinachotakiwa ni neno moja tu. Mgeni hakuchomeka fimbo, siyo? Alivunja sheria, basi. Kila mtu anajua alikuwa msahaulifu, hata mkewe anasema."

Nilisema moyoni, itikia. Itikia, shangazi, marehemu hatakudai. Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yake ya kubaki na kazi, na mjane asingejua kitu. Ukweli wenyewe ni kwamba nilikuwa ninamwomba kimyakimya adanganye.

"Aliichomeka," shangazi akasema.

Meneja akaweka kalamu chini. "Una hakika?"

"Aliichomeka kama alivyoelezwa. Mimi ndiye niliyempita."

"Unajua maana ya hayo unayosema?"

"Najua."

Sijawahi kumkasirikia mtu ninayempenda kama nilivyomkasirikia siku ile. Miaka yote hiyo ya mvua na baridi, jina zuri ambalo hata Kichwa mwenye kiburi chake alilivulia kofia, analitoa lote mezani kwa kosa ambalo si lake. Kumbe alikuwa amebanwa pande zote mbili. Akisema fimbo haikuchomekwa, amemsaliti marehemu. Akisema iliokotwa, amemmaliza aliye hai. Akabaki yeye, na yeye hakujihesabu.

Meneja alimweleza mjane kwa ufupi, kama wanavyoeleza: mfanyakazi amezembea, ameondolewa, poleni sana. Mambo ya fimbo hakuyagusa. Kesho yake mjane alikuja stoo kuchukua begi lake, gari likimsubiri nje. Akamkuta shangazi anakunja koti lake la kazi kunirudishia. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Wewe," mjane alimwambia. "Kazi yako ilikuwa moja tu."

"Ndiyo, mama."

"Yule alikuwa mtu wa kusahau. Mimi nilijua, kila mtu alijua. Lakini wewe hukutakiwa kusahau."

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

Hakusema amemsamehe. Alifunga begi, zipu ikakwama, akaifungua tena na kuifunga. Nilikuwa nimeshika kingo za meza ili nisiseme. Ile fimbo ya njano ilikuwa nyuma yangu ukutani, nimeshaiosha.

"Wanasema ulimkuta hai," akasema hatimaye, sauti ikiwa imeshuka. "Alisema neno?"

Shangazi alimaliza kulikunja lile koti, akaliweka mezani. Niliujua ule ujumbe, neno kwa neno, na nilijua haubebeki mpaka kwa mwenyewe.

"Alikutaja wewe."

"Akasema nini?"

"Alisema nikwambie asante. Kwa vyote ulivyomwokotea."

Mjane aliduwaa. Kisha akacheka, kicheko kifupi kilichogeuka kuwa kitu kingine, akajifuta kwa ncha ya kitambaa cha kichwani.

"Asante! Maisha yote hayo namwokotea, hajawahi kuitamka." Akalibeba begi lake. "Basi mara hii alikumbuka."

"Ndiyo, mama," shangazi akasema. "Mara hii alikumbuka."

Akamsubiri atoke kwanza, ndipo naye akatoka.