Nilirekodi kikao cha posa ya dada, sauti ikafika hadi kwa wakwe

Habari za muda huu wakuu. Haya yamenikuta mwenyewe hapa Ifakara, siongezi wala sipunguzi. Mpaka leo sijakaa sawa.

Nina steshenari ndogo, hivyo mambo ya kompyuta nyumbani naachiwa mimi. Dada yangu alipopata mchumba, kijana wa Kisukuma, kwao wafugaji, akaniomba nifungue folda ya cloud, kule mtandaoni, ya maandalizi ya harusi. Picha, ratiba, majina ya wageni. Nikaishea kwa dada, mchumba na kaka wa mchumba.

Jumamosi ukoo ukakaa kujadili barua ya posa. Dada hakuwepo, kwetu binti haingii kwenye kikao chake. Baba mkubwa yuko Mngeta, mavuno yamembana, akaomba tumrekodie. Nikarekodi.

Kikao kilichafuka wakuu. Mzee mmoja akasema ng'ombe wa watu hao wametumalizia mpunga shambani Katindiuka, sasa binti yetu watamlaza zizini.

Nikafungua folda mpya, nikaiita "Kikao Siri", nikaweka audio, nikamtumia baba mkubwa link.

Sasa folda hiyo niliifungua NDANI ya ile ya harusi. Kumbe ya ndani inaonekana kwa wote walioshewa ya nje. Na mimi ndiye fundi wa familia, jamani.

Kesho yake mshenga wao akapiga. "Kijana, huku tumeshamsikiliza mzee wenu wa zizini. Mara mbili."

Nilikaa juu ya maboksi ya karatasi. Posa imekufa, na nimeiua mimi.

Jioni mimi na baba tukaenda kuomba radhi. Baba wa mchumba akaitikia shikamoo yangu, akatupa viti. "Hayo ya ng'ombe tunaambiwa kila msimu," akasema. "Binti tunamtaka."

Nikakimbia nyumbani kumpa dada habari njema. Nikamkuta ameshika simu.

"Ya wazee nimeyasikia, yameisha," akasema taratibu. "Ile sauti ya mwishoni ni ya nani?"

Ni yangu wakuu. Niliwaambia wazee tukubali haraka, dada umri umeenda, nani mwingine atamchukua. Nilidhani namtetea.

Funzo: kabla hujaweka faili, angalia nani wana access. Folda niliirekebisha kwa dakika mbili. Dada hii wiki ya pili, ananipakulia chakula, anaweka mezani, anaondoka.

Aliyewahi kuomba msamaha wa neno kama hili aniambie alianzaje.