Kompyuta Haisalimiwi

Mwaka 1972 hapakuwa na karani wa mifugo mjini Mbeya aliyejiona kama Edmund. Alikuwa amepelekwa Dar es Salaam wiki mbili kujifunza kujaza fomu za kompyuta, akarudi ofisini kwake Ilomba akitembea kifua mbele. Mashine yenyewe aliiona mara moja tu, tena akiwa mlangoni, ikinguruma. Lakini neno la mkufunzi alilishika: kompyuta haisalimiwi. Inataka jina, kijiji na idadi ya ng'ombe, basi.

Wafugaji walimtoa jasho. Wengine walianza fomu kwa "Salamu nyingi, sisi huku hatujambo, hofu ni kwako wewe kompyuta." Edmund alicheka hadi machozi, akazichana. Kidogo kidogo tabia ya mashine ikamwingia naye. Ukifika dirishani kwake husalimiwi, unaulizwa jina. "Mwenzetu siku hizi ni kompyuta," alisema Severina wa mapokezi kwa kejeli, naye Edmund, mjinga wa watu, akaona kasifiwa.

Wiki ile alikuwa na lake moyoni. Mama yake, mkazi wa Ipogolo, alikuwa amelazwa hospitali Iringa, na dada yake Lea alikuwa ameahidi kwamba hali ikiwa mbaya atamletea habari aje upesi. Edmund alikuwa akingoja simu ya maandishi, roho juu.

Jumanne asubuhi akafika mzee wa Kisukuma, kavaa viatu vya matairi, fimbo mkononi.

"Hujambo, mwanangu?"

"Jina."

"Maganga. Mmeamkaje hapa?"

"Kijiji."

"Natoka Rujewa, baba. Na nyumbani, wote wazima?"

"Mzee, kompyuta haina habari za nyumbani. Ng'ombe wangapi?"

Mzee Maganga aliegemea fimbo yake. Alikuwa akingoja shikamoo, aitikie, wajuliane hali, ndipo aseme lililomleta. Kwao habari ya ugonjwa haitupwi usoni mwa mtu ambaye hamjasalimiana. Ni sawa na kumwapiza. Akasema arobaini na wawili, akatia dole gumba, akatoka. Hata hivyo hakuondoka. Alikaa kwenye benchi la nje mpaka saa saba, akitumaini kijana atatoka na kumwamkia. Edmund alitoka kweli, akampita kama hamwoni, akakimbilia posta kuulizia simu yake. Hakuikuta. Jioni mzee akapanda basi kurudi Rujewa.

Jumamosi alikuja Lea mwenyewe, kajifunga kaniki.

"Mama tumemzika jana," alisema. "Kila mlango wa wodi ukilia alikuwa akiuliza, 'Ni Edmund?' Kwa nini hukuja?"

"Mbona hukuniletea habari?"

"Nilimtuma mzee Maganga! Mkewe, Ng'washi, amelazwa kitanda cha pili na mama. Alimwacha mgonjwa wake, akapita kwake Rujewa, akaja mpaka kwako. Hakufika?"

Edmund akamkumbuka mzee wa benchini. Neno la kweli lilikuwa moja tu, na fupi.

"Hakufika," alisema.

Lea akamlaani mzee yule kwa maneno mazito, na Edmund akasikiliza, macho chini. Ndipo akajijua alivyo mtu duni.

Alivumilia siku tisa. Usingizi haukuja, chakula hakikupita, na kila aliyemwambia "pole" alimchoma. Siku ya kumi akapanda basi kwenda Rujewa. Alimkuta mzee zizini, akapiga magoti kwenye samadi na suruali yake ya ofisini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Inuka. Pole kwa msiba." Mzee akamshika mkono. "Nisamehe. Nilipewa ujumbe nikashindwa kuufikisha. Sikujua mtu wa kompyuta anasemeshwa vipi. Dada yako alipita hapa akirudi Iringa, akanitukana mbele ya wajukuu zangu, nikaona ana haki."

"Hukumwambia kwamba ulifika? Kwamba mimi ndiye niliyekukatiza?"

"Sikumwambia."

"Kwa nini, baba?"

"Mama yako hunaye tena," alisema. "Ningemwambia, ungebaki na nani?"