Dume la Mzee Luhende

Haya ninayoandika yalinikuta mimi mwenyewe, sikusimuliwa na mtu. Akili zangu ni timamu, pombe siijui ladha yake, na macho yangu yanatunga uzi kwenye sindano mpaka leo. Ukitaka kuamini, amini. Usipotaka, acha, ila usije ukasema yule bibi alikuwa anaota, maana nilikuwa nimesimama kwa miguu yangu na jua bado lilikuwa halijazama lote.

Naishi Kahama, upande wa kwenda Buzwagi, na kazi yangu ni kufuga mbwa. Si hawa wanaozunguka majalalani. Ni wale wa Kijerumani, shepadi, weusi mgongoni kama wamewekewa tandiko na wekundu miguuni. Watu huuliza bibi wa Kisukuma aliyeishia darasa la tatu amewapata wapi. Nilikuwa napikia mzungu mmoja wa mgodini. Alipokuwa anarudi kwao jike wake alikuwa na mimba, hakuweza kumpandisha kwenye ndege, akaniachia. Kutoka kwa yule nikapata ukoo mzima. Wenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo, na wanunuzi wa dhahabu wakanijua mpaka Geita, mpaka Chato huko, kwa sababu mtu mwenye dhahabu chini ya kitanda halali usingizi bila mbwa wa kuaminika.

Halafu kupe wakaja, na ule ugonjwa wao wa kukojoa damu. Wakanimalizia banda. Akabaki jike mmoja, Tulia, naye umri umekwenda.

Sasa nisikilize hapa. Mbwa wa ukoo ana tabia zake, na tabia hiyo hairekebishwi kwa fimbo. Mama yake Tulia alikuwa anaogopa ndoo tupu, ndoo ikiwa na maji haogopi. Tulia yeye ana salamu. Mtu akiingia uani anamwendea, anamshika kifundo cha mkono kwa meno, taratibu, kama unavyoshika yai, kisha anamwachia. Anamfanyia mtu yeyote: padri, mgambo, mlevi, mtoto anayetambaa. Mbwa mwenzake hajawahi kumfanyia hivyo hata siku moja. Mbwa mwenzake anamzunguka anamnusa nyuma, kama mbwa wote. Hilo likumbuke.

Mwaka huo Tulia akaingia joto. Daktari wa mifugo akamshika tumbo, akaniambia, bibi, hili ni joto lake la mwisho huyu, baada ya hapa usimtegemee. Na dume wa kumpandisha sina. Madume wote wa Kahama ni watoto wake au wajukuu wake niliouza mwenyewe, na mimi sipandishi ndugu kwa ndugu, utapata mbwa wa kuanguka kifafa. Joto la jike halingoji. Likipita limepita, na ukoo wangu ungekuwa umeishia hapo.

Wiki hiyohiyo yakawa maonyesho ya mbwa kwenye uwanja wa mpira. Mimi pale nina kazi yangu, waandaaji hunipa kila mara: kukagua rangi. Kuna vijana wajanja wanachukua mbwa koko, wanampaka piko mgongoni, wanakuletea eti shepadi. Mimi nina kitambaa cheupe, ndoo ya maji na sabuni. Nasugua nyuma ya sikio na juu ya mkia. Kitambaa kikitoka cheusi, mwenye mbwa anarudi kwao. Tulia nilimwacha nyumbani, jike mwenye joto haruhusiwi uwanjani, atavuruga madume wote.

Ndipo akaja mzee ambaye hakuna aliyemjua. Alisema anaitwa Luhende, anakaa nyuma ya Kagongwa. Koti refu, buti za mvua wakati mvua hakuna. Akanisalimia vizuri kwa Kisukuma, mwadila mayu, mayu ndiyo mama, nikaitikia. Lakini macho yangu yalikuwa kwa dume aliyemshika kwa mnyororo.

Sijaona dume kama yule. Weusi wake ulikuwa weusi kweli, wekundu wake umeiva kama udongo wa kichuguu baada ya mvua, na mgongo umeshuka kuelekea mkia vile majaji wanavyopenda. Mama Kabula, jirani yangu, yeye mbwa hawajui, alikuja tu kuuza karanga, akasema, "Mayu, hata fisi ana mgongo huo." Watu wakacheka. Nikamwambia auze karanga zake.

Nikasugua. Kitambaa kikabaki cheupe. Nikasugua tena na sabuni, cheupe. Nikamfungua mdomo, meno yote yapo. Nikainua mkia kukagua korodani, ndiyo kazi, hakuna haya hapo. Yule dume akageuza uso upande, akafumba macho. Nimeshika mbwa wengi mikononi mwangu. Wapo wanaouma, wapo wanaokojoa kwa woga. Anayeona aibu nilikuwa sijamwona.

Jaji akagonga sufuria nyuma yake kupima kama ana woga. Mbwa wote siku ile waliruka. Huyu alimtazama tu jaji, kama mtu aliyechoka kazini anavyomtazama anayempigia kelele. Akapewa ushindi. Nani angempinga?

Mchana tukala pamoja kwa mama lishe. Mzee Luhende akaagiza mbuzi, akatafuna nyama na mifupa, mifupa ikaisha yote, vijana wakamtania kwamba mzee huyu meno kayaazima wapi. Dume akawekewa mifupa chini, hakuigusa. Nikamwekea ugali na mlenda juu ya kigoda, akala taratibu mpaka ukaisha. Niliyaona haya yote. Nikajiambia mbwa wa ukoo wana maringo yao. Ukishakitaka kitu, unakitafutia sababu.

Nikamweleza shida yangu. Akakubali haraka. Kwa desturi yetu wafugaji, jike ndiye anapelekwa kwa dume, kwa sababu dume akiwa ugenini anahangaika na harufu za watu badala ya kufanya kazi. Na mwenye dume analipwa mtoto mmoja, anachagua wa kwanza. Tukakubaliana hivyo. Akasema niende jioni, jua likipoa.

Siku ya pili yake nikampakia Tulia kwenye toyo, hizi pikipiki za mizigo za magurudumu matatu. Tukapita Kagongwa, tukaacha mashamba ya mpunga, tukaingia njia ya maduara yaliyoachwa. Kijana wa toyo akanishusha penye uzio wa minyaa, hakukubali kusubiri. Alisema ana abiria mwingine. Alikuwa anadanganya, nami nilijua.

Uani palikuwa pasafi, hakuna kuku, hakuna jivu la moto, hakuna sufuria. Mzee Luhende amesimama mlangoni na koti lake. Dume amefungwa kwenye nguzo kwa mnyororo, shingoni ana kola ya ngozi pana kama kiganja changu.

Nikamfungua Tulia. Nilitegemea amzunguke dume amnuse. Jike mwenye joto, kwenye siku yake, hata hachelewi. Tulia akaenda mbele yake. Akakaa kitako. Akainama, akamshika mguu wa mbele, pale juu ya wayo, kwa meno, taratibu, kama unavyoshika yai. Akamwachia.

Nikasema labda joto limemchanganya.

Mzee Luhende akacheka, akanyoosha mkono wake. Habari za salamu ya Tulia alikuwa amezisikia uwanjani. "Na mimi nisalimie," akamwambia. Tulia hakuutazama ule mkono. Akapita pembeni, akamzunguka, akaingiza pua nyuma ya koti, akamnusa. Manyoya ya mgongo yakamsimama kuanzia shingoni mpaka mkiani.

Sasa wewe fikiria. Mbwa mkubwa akikunusa nyuma utafanya nini? Utageuka, utamfukuza, utacheka kwa aibu. Yule mzee hakufanya hivyo. Alisimama kimya, miguu ameitanua kidogo, kichwa amekishusha, akangoja mpaka amalize kunuswa. Niamini mimi, nimefuga mbwa nusu ya maisha yangu. Hivyo ndivyo mnyama anavyosimama mbele ya mnyama.

Nikamtazama dume. Akageuza uso upande, akafumba macho, kama siku ile nilipomwinua mkia.

Mzee Luhende akasema, "Mfunge huyo mdomo, mayu, tumshikilie. Jua linakwenda."

"Tulia simpandishi kwa mtoto wa watu."

Hakukana, hakuniuliza nina maana gani. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama tunavyozungumza bei ya mchele, "Hili ndilo joto lake la mwisho. Ukiondoka hivi, ukoo wako umekwisha. Ukikaa, utapata watoto ambao hata huyo mzungu wako hakuwahi kuwaona."

Alikuwa anasema kweli, na hilo ndilo baya lake. Sitakudanganya kwamba sikufikiri. Nilimtazama yule dume mgongo, nikatazama ile rangi, nikamtazama Tulia na mvi zake mdomoni. Kisha nikafikiri kwamba mahali fulani yupo mama anamngoja huyu.

Nikaenda kwenye nguzo. Mzee Luhende akapiga hatua, Tulia akaingia katikati, meno nje. Mzee akasimama. Ukikaa na ng'ombe porini utajua jambo hili: fisi akiwa peke yake hana ujasiri mbele ya mbwa mwenye hasira. Anangoja giza, au anangoja wenzake. Giza halikuwa mbali.

Kola ilikuwa ngumu, ngozi imekauka kwenye kifungo. Nikaivuta kwa vidole, nikaivuta kwa meno, haya haya niliyobaki nayo. Ikaachia. Chini yake hapakuwa na manyoya. Palikuwa na ngozi tupu, laini, yenye jasho. Mbwa hatoi jasho shingoni. Nikaitupa kola chini kama niliyeshika nyoka.

Dume hakukimbia. Akatembea mpaka kwenye mlango wa uzio, akasimama pembeni, akangoja nipite kwanza, kama kijana aliyelelewa vizuri anavyompisha mtu mzima. Nikapita na Tulia, naye akafuata.

Nyuma yangu mzee akasema, "Kola umeniachia, mayu. Shingo zipo nyingi."

Sikugeuka. Tukatembea sote watatu mpaka barabara ya lami. Hapo yule dume akashika upande wa Isaka, mimi nikashika upande wa nyumbani. Tulipokuwa tumefika mbali, kule kwenye maduara kikaanza kilio, kinapanda, kinakatika, kinapanda. Aliyekulia kwetu haulizi ni mnyama gani.

Baada ya hapo nikasikia kwa wauza mchele wa Kagongwa kwamba mwenzao mmoja wa upande wa Isaka, mke wa mchimbaji, mume wake amerudi. Alikuwa amepotea muda mrefu, watu wakasema duara limemfukia, wengine wakasema ana mke mwingine Geita. Amerudi kwa miguu usiku, haongei. Nikaenda kwake na Tulia. Huyo mume alikuwa amekaa mlangoni. Kabla sijabisha hodi Tulia akamkimbilia, akamshika kifundo cha mkono, akamwachia. Yule mwanaume akaniona. Akageuza uso upande, akafumba macho.

"Shikamoo, mayu," akasema.

"Marahaba, mwanangu. Usiwe na wasiwasi, sina haja ya kukukagua tena."

Mke wake hakuelewa, na mimi sikumweleza. Mwanaume akacheka kidogo, kisha akalia. Alichoniambia ni hiki tu: kuna mzee alimkuta duarani, akamwahidi kazi ya ulinzi, akampa kitu avae shingoni, eti dawa ya kuona dhahabu. Shingoni ana alama ya kuzunguka, pana kama ile kola, ambapo ndevu hazioti mpaka leo.

Joto la Tulia likapita. Halikurudi tena, kama daktari alivyosema. Watu wanakuja kuuliza watoto, nawaambia hakuna, wanasema bibi amelewa umri, dume la ushindi alilipata akaliachia. Waseme.

Kwenye ule uzio wa minyaa nilirudi mchana na mwanangu wa kiume. Hakuna nyumba. Kuna nguzo, na kola haipo.

Sasa nakuambia wewe unayesoma, hasa mfugaji. Tunakagua rangi, meno na mgongo, halafu mwenye mnyororo hatumtazami. Mtazame. Mtu akikupa kitu uvae shingoni ili upate mali, ondoka hapo hata kama umemwachia viatu. Na mbwa wako akikataa mtu, usimpige.

Tulia bado yupo, ila haoni vizuri, na ngazi za barazani namwinua. Kila anayeingia kwangu anamwendea, anamshika mkono, ndipo nakaribisha. Tangu siku ile yupo mmoja tu ambaye hakumshika. Alimzunguka, akamnusa nyuma, na yule mtu akasimama akangoja. Ni mtu unayeweza kumjua. Tunasali naye jumuiya moja, juzi alikaa benchi la mbele yangu. Jina lake silitaji hapa, nina wajukuu.

Ninachofikiria jioni nikimpa Tulia uji ni kwamba hana mtoto wa kumrithi ile salamu. Siku akifa, nitamfungulia mtu geti bila kujua ni nani.